Punda mzee wa Garissa: Fiqhi yasema nini mzigo ukiishinda nyumba?

KATIKA mji wa Garissa, ukiwemo mtaa wa Iftin, punda huhesabiwa kuwa mfanyakazi. Ndiye avutaye mkokoteni wa maji, kuni, mawe ya ujenzi na magunia ya sokoni, na kwa jamaa nyingi zilizopoteza ngamia na ng'ombe wao, ndiye mali ya mwisho iliyosalia. Lakini avunjikapo mguu, au azeekapo asiweze tena kuhimili nira, aghalabu kamba hufunguliwa akaachwa ajitafutie. Huko nje hukutana na mbuzi watafunao katoni kando ya barabara, paka wa sokoni na mbwa wanaovizia mabaki ya machinjio. Mji ambao soko lake la mifugo ni miongoni mwa makubwa zaidi Afrika Mashariki umejikuta pia na wanyama wasio na wa kuwauliza hali.

Je, nyumba yenye kipato kidogo inadaiwa nini na mnyama anayesimama mlangoni? Katika eneo ambalo karibu wakazi wote ni Waislamu, swali hili hupelekwa moja kwa moja kwenye dini, na huko hujibiwa kwa njia mbili. Wako wanaosimulia Hadithi za huruma wakaishia hapo, kana kwamba huruma hununua majani. Wako pia wanaosema kwamba binadamu ndiye wa kwanza, na baada ya hapo mnyama hatajwi tena. Wote wana sehemu ya ukweli, ila vitabu vya fiqhi vinavyosomeshwa katika eneo hili vimekwenda mbali kuliko wote wawili. Vinakiri kwamba nyumba ina kikomo, kisha vinataja nani anaupokea mzigo pale nyumba inaposhindwa. Hapo ndipo Garissa imekwama.

Ukame ndio uliolifanya swali hili kuwa zito. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Mnamo Septemba 2021 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitangaza ukame huo kuwa janga la kitaifa, na kufikia mapema 2023 zaidi ya mifugo milioni 2 ilikuwa imekufa katika kaunti kame za Kenya. Kisha mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko, Mto Tana ukavunja kingo, na waliobakiwa na mbuzi wachache wakawaona wakichukuliwa na maji. Jamaa iliyohamia pembezoni mwa mji baada ya mapigo hayo mawili haiulizi kuhusu mnyama kwa ajili ya kujifurahisha. Inauliza ikiwa imeshika bakuli moja la unga.

Msingi wa sheria hupatikana katika Hadithi mashuhuri ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Watu huikumbuka adhabu wakasahau sababu yake. Mwanamke yule alimfungia paka ndani, hakumlisha wala hakumwachilia akajiwindia wadudu wa ardhini. Kosa lake ni kule kufungia pamoja na kunyima. Kutokana na hayo, wanazuoni wakatofautisha kati ya mnyama uliyemshika na yule apitaye njia. Uliyemfunga kamba, uliyemfungia mlango au uliyemtia nirani, huyo yumo katika dhima yako. Apitaye njia, ukimpa ni sadaka yenye thawabu, kama yule mtu aliyeteremka kisimani akajaza khofu yake maji ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake.

Kwa hiyo mama wa Iftin ambaye paka watatu wa mtaani humzunguka saa ya kupika hana deni kwao kisheria, maadamu hakuwafungia. Wala hana sababu ya kuwaogopa kwa ajili ya tohara ya nyumba yake. Katika Hadithi ya Abu Qatada, Mtume Muhammad (SAW) alieleza kwamba paka si najisi, kwa kuwa ni miongoni mwa wale wanaozunguka majumbani mwa watu. Maji aliyoyaonja paka yanafaa kutawadhia.

Chakula anachowapa ni cha nani? Ikiwa kimenunuliwa na mume, upo ubishi unaojulikana katika nyumba nyingi. Hadithi ya Bibi Aisha inaeleza kwamba mke anayetoa sadaka katika chakula cha nyumba pasipo kuharibu hupata thawabu, na mumewe naye hupata yake kwa kuwa ndiye aliyekichuma. Kauli yenye uzito hapo ni ile ya kutoharibu. Makombo, vichwa vya samaki na ukoko wa sufuria havina mgogoro. Kumnyima mtoto ili kumpa paka ni jambo jingine, kwani mpangilio wa matumizi umewekwa wazi katika Hadithi ya mtu aliyekuja na dinari moja: aitumie kwa nafsi yake kwanza, kisha kwa watoto, mke na mtumishi, na ndipo aangalie kwingineko. Kumnyima chakula yule unayewajibika kumlisha kumehesabiwa kuwa dhambi inayotosha peke yake.

Jirani naye ana haki zake. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake Minhaj al-Talibin kimekuwa nguzo ya masomo ya madhehebu ya Shafi kuanzia Lamu hadi Mogadishu, aliandika kwamba paka ajulikanaye kwa kuharibu ndege au chakula cha watu, mwenyewe hulipa hasara, iwe imetokea usiku au mchana. Hukumu hiyo humhusu mwenye paka, si kila ampaye mwiba wa samaki. Lakini mtu aliyekusanya paka kumi uani akawafanya wake hawezi kujificha nyuma ya huruma wakati vifaranga vya jirani vinaisha.

Kuhusu kuwahasi paka ili wasizidi, fiqhi ya zamani ya Shafi ilikuwa kali. Nawawi aliharamisha kumhasi mnyama asiyeliwa, akaruhusu kwa anayeliwa akiwa mdogo. Wanazuoni wa zama za karibu wamelegeza kamba hiyo. Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudi Arabia, aliyefariki mwaka 2001, aliona hapana kosa paka wakiwa wengi wenye kuleta madhara, mradi upasuaji wenyewe usiwadhuru. Rai hiyo inafaa kuzingatiwa kwa uzito, kwa sababu badala yake mara nyingi huwa ni sumu.

Katika suala la maji, sheria ni kali zaidi, na si ajabu kwa dini iliyozaliwa jangwani. Minhaj inasema kwamba mwenye kisima ambaye maji yake yamezidi mahitaji yake analazimika kuwaachia mifugo ya wengine ziada hiyo. Halazimiki kuitoa kwa mashamba. Mmea unaweza kukauka, lakini chenye roho hakinyimwi. Tena katika mlango wa tayamamu, mtu mwenye maji kidogo ambayo yanahitajiwa na kiumbe mwenye kiu na mwenye heshima kisheria, akiwemo mnyama, huyaacha maji hayo kwa ajili ya kiu hiyo, yeye akatayamamu kwa mchanga na kuswali. Kiu ya mbuzi imetangulizwa mbele ya udhu. Mfugaji wa Wajir au Balambala huenda hajafungua kitabu hicho maishani mwake, ila hukumu hiyo anaijua kwa vitendo.

Sasa turudi kwa punda, maana hapo ndipo penye fundo.

Kuhusu mnyama mwenye mwenyewe, Minhaj haibabaishi. Mwenye mnyama ni wajibu amlishe na amnyweshe. Akikataa, mtawala humlazimisha. Ikiwa mnyama analiwa, ana njia tatu: amlishe, amuuze au amchinje. Ikiwa haliwi, njia ni mbili tu, amlishe au amuuze. Nawawi anaongeza kwamba haifai kumkama mnyama kiasi cha kumdhuru ndama wake, sharti linalogusa kila boma wakati wa kiangazi, pale mtoto wa mtu na ndama wa ngamia wanapogombea chuchu moja.

Mbuzi na ng'ombe, kwa hiyo, wana mlango wa kutokea unaomfaa pia mwenyewe. Anapoona hawezi kulisha, huchinja, na nyama ikaliwa. Hata mpango wa serikali wa kununua mifugo iliyodhoofika na kuichinja kupitia Tume ya Nyama ya Kenya wakati wa ukame huo ulipita katika njia hii bila mtu kuuliza fatwa. Punda hana mlango huo. Nyama ya punda wa kufugwa iliharamishwa katika vita vya Khaybar, mwaka wa 7 Hijria, sawa na 628. Mwenye punda mzee amebakiwa na mambo mawili, na la pili, yaani kuuza, linahitaji mnunuzi.

Mnunuzi alijitokeza mwaka 2016. Kenya ilianza kuruhusu machinjio ya punda, yakafikia manne katika Baringo, Naivasha, Machakos na Turkana, na ngozi zikasafirishwa hadi China kutengenezewa dawa iitwayo ejiao. Kufikia mwisho wa 2018 punda zaidi ya 300,000 walikuwa wamechinjwa, na wizi wa punda ukaenea vijijini. Februari 2020 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Peter Munya, alipiga marufuku biashara hiyo. Mahakama Kuu ikaibatilisha marufuku hiyo mwaka 2021. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana mjini Addis Ababa kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote.

Wengi walidhani kwamba mjadala huo ni mpya kwa Waislamu. Nawawi alikwisha kuuandika katika karne ya 13. Katika kitabu chake al-Majmu anasema kwamba katika madhehebu ya Shafi haifai kumchinja mnyama asiyeliwa kwa ajili ya kuchukua ngozi yake, na katika mifano yake anamtaja waziwazi punda aliyelemaa. Anaeleza pia kwamba Abu Hanifa aliruhusu. Wanazuoni wa Shafi waliomfuata wakakaza zaidi, wakazuia kumchinja punda wa namna hiyo hata kwa nia ya kumpumzisha na maumivu. Daktari wa mifugo wa leo, aliyemwona punda mwenye mfupa uliotokeza akiburutwa na mbwa usiku, ana haki ya kuwauliza mashekhe swali hilo upya, nao wana nafasi ya kulijibu kwa kuangalia madhara yaliyo mbele yao.

Hadi wajibu, mwenye mkokoteni anayefuata madhehebu yake sawasawa amefungiwa pande zote. Hawezi kumla punda wake, hawezi kumuuza kwa ngozi, na akimweka atakula unga wa watoto. Anafungua kamba. Kisheria ametenda kosa mara mbili, kwani hata Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumtelekeza mnyama bila sababu ya maana kuwa hatia. Lakini ni wepesi wa kupita kiasi kumwita mtu huyo katili na kuondoka.

Waandishi wa fiqhi hawakuondoka. Wafafanuzi wa Minhaj wameeleza hatua zinazofuata mwenyewe anapokuwa hana kitu. Mtawala humkodisha mnyama ikiwa anafaa kwa kazi, gharama ya chakula chake ikatoka katika kodi hiyo. Ikishindikana, humuuza. Ikishindikana pia, matunzo yake yanakuwa juu ya Baitulmali, hazina ya umma. Mzigo umepanda ngazi kutoka uani hadi serikalini, na mwenye nyumba maskini hakuulizwa atoe asichonacho.

Hili halikubaki kwenye karatasi. Mtume alipoulizwa kuhusu ngamia aliyepotea, aliagiza aachwe, kwa kuwa ana uwezo wa kutafuta maji na malisho mpaka mwenyewe amkute. Kondoo alihukumiwa tofauti, maana asipochukuliwa na mtu atachukuliwa na mbwa mwitu. Hata hivyo, wakati wa Khalifa Uthman, hali za watu zilipobadilika, ngamia waliopotea walitangazwa, kisha wakauzwa na thamani yao ikawekewa mwenyewe. Na kuhusu Khalifa Ali bin Abi Talib imepokewa kwamba alijenga zizi la wanyama waliopotea, wakilishwa kutoka Baitulmali chakula cha kadiri, kisichowanenepesha wala kuwakondesha, na kila aliyeleta ushahidi alikabidhiwa mnyama wake. Mjini Cairo, Sultani Baybars wa karne hiyo hiyo ya Nawawi aliweka bustani iwe wakfu kwa ajili ya paka. Mwingereza Edward Lane, aliyeishi mjini humo miaka ya 1820 na 1830, aliandika kwamba bustani yenyewe ilikwisha kuuzwa mara kadhaa, ila mabaki ya nyama yaliendelea kuletwa kila alasiri katika uwanja wa mahakama ya Kadhi, na paka wakala.

Garissa ya leo, nani ashike nafasi hiyo? Si Kadhi. Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya imeziwekea Mahakama za Kadhi mipaka ya masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, na punda hayumo. Zaka nayo ina makundi manane, yote ya wanadamu. Tume ya Wakfu imejengwa juu ya historia ya Pwani, ambako mali za wakfu ni za vizazi vingi.

Jibu limo katika Katiba hiyo hiyo ya 2010, ingawa ni nadra kulisikia likitajwa katika mikutano ya hadhara. Jedwali la Nne, sehemu ya pili, linaorodhesha kazi za serikali za kaunti. Kazi ya sita ni udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na leseni za mbwa, na vituo vya kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama. Ni zizi la Ali, kwa lugha ya wanasheria wa Nairobi. Kaunti zilianza kazi mwaka 2013, na tangu hapo kila mwaka bunge la kaunti hupitisha makadirio ya fedha. Mashekhe wa Garissa wanaohimiza huruma kwa wanyama katika hotuba za Ijumaa wangekuwa na hoja nzito zaidi kama wangelitaja jedwali hilo kwa nambari mbele ya madiwani.

Leseni za mbwa zinaweza kuonekana kama mzaha katika mji ambao nyumba nyingi hazifugi mbwa. Si mzaha. Katika madhehebu ya Shafi mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mfuga mbwa pasipo haja ya mifugo, shamba au uwindaji amehadharishwa kwamba thawabu zake hupungua kila siku. Matokeo ni kwamba mbwa wa mjini hana mwenyewe, na asiye na mwenyewe hachanjwi. Kenya iliweka mkakati wa kutokomeza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kati ya mwaka 2014 na 2030, na nguzo yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Mbwa wa malishoni, anayelinda mbuzi dhidi ya fisi, ni halali kufugwa na anaweza kuletwa achanjwe. Wa jaani hana wa kumleta ila kaunti.

Hapa najisi imefanywa kisingizio isivyostahili. Kumgusa mbwa mkavu kwa mkono mkavu hakuhamishi najisi, na penye unyevu dawa yake ni kuosha. Najisi ni hukumu ya tohara, si amri ya uadui. Mbwa mwenye kichaa au mshambulizi ameruhusiwa kuuawa, lakini kuwatupia sumu wote waliopo, wazima na wagonjwa, ni jambo ambalo wapenda Hadithi ya mbwa mwenye kiu watapata tabu kulitetea.

Upo wasiwasi wa haki juu ya zizi la kaunti. Likijengwa leo, kesho kila mwenye punda aliyechoka atamfunga langoni usiku na kwenda zake, na bajeti itaisha kabla ya mwezi wa tatu. Wafafanuzi wa Minhaj walilitangulia hilo kwa kupanga ngazi zao: mwenyewe anayejulikana na mwenye uwezo hulipa kwanza, na mnyama anayeweza kazi nyepesi hukodishwa ajilipie chakula chake. Ngazi hizo zinahitaji jambo moja dogo ambalo ofisi ya mji inaweza kulifanya kabla ya kununua hata tofali moja, nalo ni kuwaandikisha wenye mikokoteni na kuwatia punda alama kama ngamia wanavyotiwa chapa. Pasipo daftari hilo, karani wa zizi hatajua amdai nani.